Maindifulnesi na meditesheni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maindifulnesi ni nini hasa?

Ni kujua kinachoendelea wakati kinaendelea, basi. Unavuta pumzi na unajua navuta pumzi, umekasirika na unajua hapa nimekasirika, unakula na unajua unakula badala ya kumaliza sahani ukiwa unaskroli simu alafu unashangaa chakula kimeisha saa ngapi. Meditesheni ndo mazoezi yake, yaani ule muda unaoutenga ukakaa chini ufanye hicho kitu kimoja tu bila kazi ingine. Ziko meditesheni za aina nyingi sana, za kurudia maneno, za kuombea watu heri, za kuona picha kichwani, na hii ya maindifulnesi ni aina moja tu kati ya hizo, ila ndo inayosikika sana siku hizi.

Sawa, nikishakaa nafanya nini?

Kaa popote, kiti ni sawa kabisa, hakuna anayekudai ukunje miguu. Mgongo unyooke bila kujikaza, mikono iweke mapajani, macho fumba au tazama sakafu hatua mbili mbele yako. Alafu tafuta pumzi unaisikia wapi zaidi. Kuna wanaoisikia kwenye tundu za pua, ubaridi kidogo ikiingia na ujotojoto ikitoka, wengine kifuani, wengine tumbo likipanda na kushuka. Chagua sehemu moja ubaki nayo. Usiirefushe pumzi, usiipendezeshe, iache ijiendee we uwe unaijua tu.

Kitakachotokea ni hiki: pumzi ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu unakumbuka kuna meseji hujajibu, unaanza kuijibu kichwani, unawaza mwenzio atasema nini, unamjibu tena, mara ushamkasirikia na yeye hana hata habari, alafu ghafla unashtuka, ala, si nilikuwa kwenye pumzi mimi. Hiyo sekunde ya kushtuka ndo penyewe. Unajua umepotea, unarudi kwenye pumzi inayofuata, bila kujitukana wala kujipongeza. Baada ya muda mfupi utapotea tena, utarudi tena. Mazoezi yote ni hayo na hakuna siri nyingine iliyofichwa mahali.

Akili yangu haitulii kabisa, ina maana mimi siwezi?

Hili ndo swali namba moja na linatokana na ule uvumi kwamba unatakiwa kufuta mawazo yote kichwani. Hakuna anayefuta. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Harvard, Killingsworth na Gilbert, walitoa utafiti ambao watu wazima zaidi ya 2,000 walikuwa wanaulizwa kupitia simu muda wowote wa siku wanafanya nini na wanawaza nini, ikaonekana karibu asilimia 47 ya muda akili ya mtu iko kwenye kitu kingine tofauti na anachokifanya. Hao ni watu wa kawaida kwenye maisha yao ya kawaida. Kwa hiyo ukikaa ukaona fujo humo ndani ujue fujo haijaanza leo, leo umeiona tu. Wanaoanza wengi wanaacha hapa hapa wakidhani wamefeli, wakati kuiona ndo hatua ya kwanza yenyewe.

Ilitoka kwa nani? Buddha alifundisha hivi hivi?

Alifundisha hivi na zaidi ya hivi. Siddhartha Gautama, ndo Buddha, aliishi kaskazini mwa India karne ya tano hivi kabla ya Kristo, na kwenye maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya India, kuna mafundisho mawili ambayo mpaka leo ndo msingi wa jambo hili. Moja linaitwa Anapanasati Sutta, linahusu pumzi, lina hatua 16. La pili, Satipatthana Sutta, linasema mtu aweke umakini kwenye sehemu nne: mwili, hisia (hapa maana yake ni kama kitu kinapendeza, kinaudhi au hakina ladha yoyote), hali ya akili, na mwisho mambo yanayopita akilini, kwa mfano vile vizuizi vitano vya tamaa, chuki, uzito na usingizi, kuhangaika, na mashaka.

Watu wakisoma Satipatthana mara ya kwanza wanashtuka maana haiko laini kama video za baharini za kwenye apu. Humo humo unaambiwa uutafakari mwili kipande kwa kipande, nywele, kucha, meno, ngozi, nyama, mifupa, mpaka nyongo na makamasi, alafu uitazame maiti iliyotupwa ikioza hatua kwa hatua mpaka inabaki mifupa mikavu, na ujiambie mwili wangu nao ni wa namna hiyo hiyo. Lengo lake halikuwa upunguze stresi za ofisini. Lengo ni mtu aone kwa macho yake kwamba kila kitu kinapita, kwamba kung'ang'ania kinachopita ndo kunazaa dukkha, yaani mateso na kutoridhika, na kwamba huyu "mimi" tunayemlinda usiku na mchana ukimtafuta humkuti mahali. Na andiko linamaliza kwa ahadi kubwa, kwamba atakayefanya sawasawa kwa miaka saba atafika, alafu linashuka, sita, tano, mpaka miezi, mpaka siku saba.

Kitu kingine, umakini sahihi ni wa saba kati ya njia nane za Buddha. Kabla yake kuna mtazamo sahihi, nia, maneno, matendo, kazi unayojipatia riziki, na juhudi. Kwa hiyo mtu anayesema uongo na kudhulumu watu mchana alafu jioni anakaa na pumzi, kwa Kibudha huyo ameshika kipande kimoja akaacha gari zima.

Kwa hiyo Wabudha wote tangu zamani walikuwa wanakaa hivi kila siku?

Hapana, na hapa wengi wanashangaa. Kwa karne nyingi Mbudha wa kawaida alikuwa anatoa sadaka kwa watawa, anashika amri tano (kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutokunywa vileo), anakwenda hekaluni, basi. Meditesheni ilikuwa ya watawa, na hata watawa wengi walikuwa wanajishughulisha zaidi na kusoma maandiko na ibada.

Mabadiliko yalianzia Burma, ambayo leo ni Myanmar. Mwaka 1885 Waingereza walimng'oa mfalme wa mwisho, na mfalme ndo alikuwa mlinzi wa dini, watu wakaingiwa na hofu dini itapotea. Mtawa mmoja, Ledi Sayadaw (1846–1923), akaanza kuzunguka kufundisha watu wa kawaida mafundisho magumu pamoja na meditesheni, kwamba kila mtu ailinde dini ndani yake mwenyewe. Baadae akaja Mahasi Sayadaw (1904–1982) na mbinu yake ya kutaja kimyakimya kila kinachotokea, "kupanda, kushuka, kuwaza, kusikia, kuwasha", mbinu inayotumika mpaka leo. Upande mwingine kulikuwa na U Ba Khin, huyu hakuwa mtawa kabisa, alikuwa mhasibu mkuu wa serikali, na mwanafunzi wake S. N. Goenka alikuwa mfanyabiashara aliyekwenda kwake akitafuta nafuu ya kipandauso. Mwaka 1969 Goenka alienda India, akaanza kozi za siku 10, zikaenea dunia nzima. Kwa hiyo hii picha tuliyonayo ya mtu wa kawaida mwenye kazi na familia anakaa meditesheni asubuhi, haina umri mkubwa hivo, na chanzo chake kwa kiasi kikubwa ni ukoloni, kitu ambacho kwenye matangazo ya apu hutokiona.

Zen, Vipassana, Kitibeti, tofauti yake ni nini?

Kwa kifupi sana: Vipassana ya Burma na Thailand inachunguza, unatazama kila kitu kinavyokuja na kuondoka. Zen ya Japani, hasa ile ya Dogen wa karne ya 13, inasema kaa tu, kule kukaa ndo kwenyewe, usitafute kitu. Watibeti wana mengi, mantra, kuona picha kichwani, mafunzo ya huruma. Usihangaike kuchagua bora zaidi, anza na ile utakayopata mwalimu wa kueleweka karibu nawe.

Iliingiaje hospitali?

Kupitia Jon Kabat-Zinn, Mmarekani msomi wa baiolojia ya molekuli aliyekuwa anajifunza kwa walimu wa Zen na wa Vipassana. Mwaka 1979 alianzisha kozi kwenye chuo cha tiba cha Massachusetts kwa ajili ya wagonjwa ambao madaktari walishafika mwisho nao, watu wa maumivu sugu ya mgongo na kadhalika. Akatoa Buddha, akatoa uvumba, akatoa kuzaliwa upya, akabakiza pumzi, mwili na umakini. Kozi inajulikana kwa kifupi cha Kiingereza MBSR, yaani kupunguza stresi kwa njia ya maindifulnesi.

Iko hivi: wiki nane, kila wiki darasa la saa mbili na nusu hivi, siku moja nzima ya kukaa kimya karibu na mwisho, na nyumbani dakika 45 karibu kila siku. Darasa la kwanza mnapewa zabibu kavu, moja tu. Unaishika, unaigeuza, unaangalia mikunjo yake, unainusa, unaiweka mdomoni bila kutafuna, unausikia ulimi unavyoihangaikia, alafu unatafuna taratibu mpaka utamu unatoka. Dakika kadhaa kwa zabibu moja, na wengi wanatoka hapo wakisema sijawahi kula zabibu maishani mwangu nilikuwa nazimeza tu. Pia kuna zoezi la kulala chali na kupitisha umakini mwilini kuanzia vidole vya miguu mpaka utosini, hili mtu mwenye maumivu linamfundisha kitu kikubwa, kwamba maumivu hayako sawa muda wote, yana kingo, yanapanda na kushuka, na kuna sehemu haziumi kabisa ambazo alishazisahau.

Na hapo ndo unaona Buddha hakutolewa wote. Kuna fundisho lake la mishale miwili: mtu amechomwa mshale, hayo ni maumivu ya mwili, alafu anajichoma wa pili, ndo yale ya kwa nini mimi, itaisha lini, maisha yangu yameharibika. Mshale wa kwanza saa ingine huwezi kuukwepa. Kozi nzima ya hospitali ukiichunguza inahangaika na ule wa pili.

Inasaidia kweli au ni fasheni?

Inasaidia, ila kwa kiasi, na kiasi chenyewe ni kidogo kuliko unavyoambiwa. Mwaka 2014 jarida la JAMA Internal Medicine lilitoa uchambuzi wa majaribio 47 yenye watu 3,515, likakuta nafuu ya wastani kwenye wasiwasi, sonona na maumivu, lakini halikuona ushahidi kwamba meditesheni inazidi mazoezi ya viungo, dawa au tiba zingine za tabia. Hiyo sentensi ya mwisho wauzaji huwa wanairuka.

Mahali ambapo ushahidi ni mzuri zaidi ni kuzuia sonona isirudi. Segal, Williams na Teasdale walichanganya maindifulnesi na tiba ya kubadili fikra, na kwenye jaribio la mwaka 2000, kwa watu waliowahi kuugua mara tatu au zaidi, waliorudiwa na ugonjwa walishuka kutoka asilimia 66 hadi 37. Mwaka 2004 chombo cha Uingereza kinachotoa miongozo ya tiba, NICE, kikaipendekeza kwa watu wa aina hiyo. Na 2022 kuna jaribio la watu wazima 276 wenye matatizo ya wasiwasi, nusu walipewa kozi ya wiki nane nusu dawa ya escitalopram, matokeo yakawa karibu sawa. Sasa usisome hapo ukaacha dawa zako, maana kozi ile ni ya dakika 45 nyumbani kila siku na darasa la mwalimu kila wiki, haikuwa dakika tatu ukiwa kwenye foleni, na dawa haiachwi bila daktari.

Mwaka huo huo 2022 kule Uingereza yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa mashuleni, watoto zaidi ya 8,000, na maindifulnesi haikuzidi yale ambayo shule zilikuwa zinafanya tayari. Wengi wa watoto hata mazoezi ya nyumbani hawakuyafanya, na mi siwalaumu, ukimlazimisha mtoto atulie kwa sababu ratiba imesema atulie unategemea nini.

Inaweza kuleta madhara?

Ndiyo, na huyo anayekwambia haiwezi usimsikilize. Wengi wanapata usumbufu mdogo tu, lakini wapo wanaopata wasiwasi mkali, kukosa usingizi, kumbukumbu za kiwewe kurudi kwa nguvu, au kujiona kama wako nje ya miili yao. Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown amefanya kazi miaka mingi kukusanya habari za watu kama hao, na wengine walikuwa wazoefu.

Wa zamani walijua. Kwenye maandiko kuna habari ya watawa waliopewa lile zoezi la kutafakari uchafu wa mwili, wakauchukia mwili mpaka wengine wakajiua, na Buddha alipoambiwa akawafundisha waliobaki meditesheni ya pumzi. Kwa hiyo kama una historia ya kiwewe, umewahi kuona au kusikia vitu visivyokuwepo, au una mawazo ya kujidhuru, ongea kwanza na mtaalamu wa afya ya akili, anza na dakika chache macho wazi, na pumzi ikikuletea hofu iache, weka umakini kwenye nyayo zinavyogusa sakafu au sauti za nje. Ikizidi simama, tembea, ongea na mtu. Kuacha ni ruhusa.

Mi nina dini yangu, sio kuabudu miungu ya watu?

Kutazama pumzi hakuna anayeabudiwa. Kwenye kozi za hospitali hakuna sala, sanamu wala kiapo. Kwenye hekalu au kituo cha Kibudha ni tofauti, kunaweza kuwa na kuinama, nyimbo za Kipali, kutaja kimbilio kwa Buddha, na hapo uamue kwa dhamiri yako. Ushauri wangu uliza kabla ya kwenda, watakuambia tu. Ila pia tusijidanganye kwamba asili yake sio dini, ni dini, imekatwa kipande.

Mbona kuna Wabudha wanalalamika?

Kwa sababu ya hicho hicho kipande. Lawama yao ni kwamba kampuni inawapa watu kazi ya watu watatu, wakichoka inawaletea mwalimu wa kupumua, kama vile tatizo liko kwenye pua ya mfanyakazi na haliko kwenye kazi. Mi nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Kinyume chake wapo walimu kama Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam (1926–2022), aliyefundisha maindifulnesi huku akipinga vita nchini kwake mpaka akaishi uhamishoni miongo kadhaa, kwake kukaa na pumzi na kwenda kusaidia waliopigwa mabomu ilikuwa kazi moja.

Dakika ngapi kwa siku? Na apu inatosha?

Kumi kila siku ni bora kuliko saa nzima Jumapili. Weka muda ule ule, kwa wengi asubuhi kabla ya kugusa simu ndo inawezekana. Apu inafaa kuanzia, ila ikianza kukuhesabia siku mfululizo na wewe unakaa ili usipoteze rekodi, zima, tumia saa ya kengele ya kawaida.

Nasinzia kila nikikaa.

Inawezekana una deni la usingizi, lala. Kama umelala vizuri na bado, fumbua macho, nyoosha mgongo, au fanya ukiwa umesimama.

Miguu inakufa ganzi, nihame?

Isikilize ganzi kidogo kwanza, iko wapi hasa, inachoma au inatambaa, alafu ukiamua kuhama hama polepole ukijua unahama. Maumivu makali ya goti usivumilie, goti halina dini.

Lazima kukaa? Siwezi kufanya nikitembea?

Unaweza, na kwenye vituo vingi kutembea ni nusu ya ratiba. Chagua njia ya hatua kama 20 hivi, nenda mwisho, simama, geuka, rudi. Usikie kisigino kinainuka, mguu unapita hewani, unatua, uzito unahama. Watu wakikuona wanaweza kudhani umepoteza kitu chini. Kuosha vyombo nako kunafaa, maji, povu, sahani moja kwa wakati, bila podikasti.

Nitajuaje kama nasonga mbele?

Usipime kwa utulivu wa siku hiyo maana unategemea na ulivyolala na ulivyokula. Angalia nje ya meditesheni: unagundua hasira ikiwa imefika wapi, imeshatoka mdomoni au bado iko kifuani? Kama zamani ulikuwa unagundua baada ya kugombana na sasa unagundua katikati ya sentensi, umesonga. Wa karibu yako wataona kabla yako.

Nataka kwenda yale mafungo ya siku 10, yakoje?

Ya Goenka yako hivi: unaamka saa kumi alfajiri, unakaa jumla ya saa kama kumi kwa siku, huongei na wenzako, simu inakusanywa, hakuna kusoma wala kuandika, chakula hakina nyama. Siku tatu za mwanzo ni pumzi tu kwenye pua, ya nne ndo mnaanza kupitisha umakini mwili mzima, na kuna vikao vya saa moja ambavyo unaombwa usibadilishe mkao. Siku ya mwisho inafundishwa metta, kuwatakia wengine heri, na kimya kinafunguliwa. Hulipi, mwishoni unachangia ukitaka na unavyoweza.

Ni kazi nzito, siku ya pili na ya sita wengi wanataka kukimbia. Kwa mtu ambaye hajawahi kukaa hata dakika kumi mi nisingeanzia hapo, ningetafuta mafungo ya siku moja au wikendi kwanza. Na kwenye fomu wanauliza kuhusu afya ya akili na dawa unazotumia: jaza ukweli, hata kama unaogopa watakukatalia.